Kizibo

Kizibo cha gunzi kilivuja.
Cha karatasi kilivuja.
Cha mgomba kikalegea kama uji wa mgonjwa.
"Nani ana kitu cha mpira?" akauliza Mwalimu Ntakije,
na darasa zima la sita, pale Mwandiga,
likatazama miguu.
Yangu ndiyo iliyokuwa mbele.

Akakata duara kwenye kisigino cha kandambili yangu ya kushoto
kwa wembe wa kuchongea penseli,
akaniahidi mpya mshahara ukitoka.
(Mshahara ulitoka. Tusiendelee.)

"Chumvi ikiyeyuka majini," alisema, "bado ni chumvi.
Waulizeni watu wa Uvinza wanavyoirudisha kwa moto.
Lakini hawa wawili, siki na magadi,
wakishaonana,
hakuna atakayerudi kwao kama alivyokuja."

Nikamkumbuka mama na sufuria lake uani:
mawese mekundu, kostiki iliyomla ncha ya kidole,
na kesho yake miche ya sabuni
migumu, ya kahawia, isiyokumbuka chikichi.
Kumbe nimelala na mmenyuko nyumba moja
miaka kumi na miwili,
nikiujua kwa harufu tu.

Mizani tuliazima kwa Mama Nyamwiza wa dagaa,
ile ambayo sokoni kila mtu anajua ina ulimi wake.
"Ikidanganya," alisema mwalimu,
"itadanganya mwanzo na mwisho sawasawa. Andikeni."

Kwanza bila kuruka. Chupa wazi,
siki ndani, magadi pembeni kwenye karatasi: gramu mia mbili na kumi.
Akamwaga magadi.
Povu likapanda, likachungulia shingoni, likajirudi.
Tukapima tena chupa na karatasi yake:
mia mbili na tano.

"Tano zimekwenda wapi?"

Ezironi akasema mizani imeanza tabia zake.
Tukacheka mpaka dirisha likatoa vumbi.
Mkono mmoja ukabaki juu, wa Sikujua,
aliyeteswa na jina lake tangu la kwanza:
kila mwalimu akiuliza nani anajua,
sisi tunajibu kwa pamoja, "Sikujua!"
Hata siku hiyo tulianza kulijibu.

"Zimo humu," akasema.
"Hazijaenda popote.
Tunazivuta."

Nikafumba mdomo.
Nadhani wote tulifumba.

Halafu tukatoka uwanjani.
Chupa ya nusu lita, mabawa matatu ya boksi la sabuni,
ubavuni wino mwekundu: MWEZINI NA KURUDI.
Magadi tukayaviringisha kwenye karatasi laini
kama ugoro, ili wasikutane kabla ya wakati.
Mwalimu akatumbukiza, akashindilia kisigino changu,
akaigeuza kichwa juu, akaiweka juu ya matofali,
akakimbia vibaya, tai begani,
mtu mzima na shahada yake.

Moja. Mbili.
Chupa ikavimba kimya.
Tisa. Kumi.
Ezironi akapiga hatua moja mbele kwenda kuitazama,
na Sikujua akamshika shati.

Pwaaa!

Siki ikatumwagikia,
kizibo kikaenda chini, chupa ikaenda juu,
juu ya bendera, juu ya mnazi wa mkuu wa shule,
ikasimama kidogo pale ambapo haikuwa na sababu ya kusimama,
ikaangukia bati la ofisi ya walimu.
Iko huko mpaka leo.

Kizibo tulikitafuta kwenye mihogo hadi kengele ya mwisho.
Hatukukiona.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya udongo mwekundu,
mvua ya asubuhi haijakauka bado,
na kila nilipokanyaga kwa mguu wa kushoto
nyuma yangu kilibaki kifundo kidogo cha udongo,
cha mviringo, kimesimama katikati ya unyayo.
Mama aliuona mguu kabla ya kuniona mimi.
"Kisigino kiko wapi?"

Nikafungua mdomo kumweleza,
nikaanza na sabuni.